Kava za kitambaa za stendi za taa za DJ: kupima, kukata, kushona na kuvika

Kava ya stendi ina kazi mbili. Inaficha miguu ya chuma, visu vya kukazia (zile skrubu za kuzungusha kwa mkono) na nyaya zinazoning'inia, kisha inaigeuza stendi yenyewe kuwa taa. Weka taa ndogo ya LED sakafuni ndani ya kava nyeupe, na kitambaa chote kitawaka rangi uliyochagua. Bibi harusi akipigwa picha mbele ya meza ya DJ, nyuma yake hayaonekani mabomba yenye mikwaruzo, zinaonekana nguzo mbili za mwanga.

Yote hayo yanategemea kitambaa kukaza. Kava iliyolegea inatisha kuliko stendi iliyoachwa wazi: inakunjamana, inapeperuka kila feni ikipita, na taa ya ndani inauonyesha kila mkunjo. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na kosa huwa la maelezo tu. Fundi cherehani amezoea kuacha nafasi ili mwili upumue. Mpe vipimo vya stendi bila kumwambia zaidi, ataongeza sm 2 huku na sm 2 kule kwa nia njema kabisa, na utaletewa gunia. Kava ya stendi hukatwa pungufu ya stendi. Mwambie hivyo mapema, mrudie tena kabla hajashika mkasi.

Mwongozo huu ni wa kava ya pande tatu kwa stendi ya miguu mitatu yenye upau wa T juu wa kuning'inizia taa, aina ambayo ma-DJ wengi wa kuhamahama wanayo. Vipimo vya mfano ni vya jozi, maana stendi moja iliyovikwa na mwenzake akiwa uchi haipendezi kwa yeyote.

Kitambaa

Unachotafuta ni laikra, wengine huita spandeksi: polyester au nailoni iliyochanganywa na uzi wa kuvutika. Ukifika dukani na muuzaji hakuelewi, mwambie unataka kile kinachoshonewa kava za viti vya harusi zile za kubana. Wapambaji wanakinunua kila wiki, kwa hiyo maduka ya vitambaa ya kuzunguka Soko Kuu, iwe Arusha au Moshi, hayatakushangaa. Usikubali satini eti ndiyo inayong'aa zaidi. Satini haivutiki, na stendi haina umbo la kuishikilia.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio matatu hapo hapo kaunta.

La kwanza ni la kuvutika. Shika sm 10 za kitambaa kati ya vidole, ukipimia futi kamba, na uvute kwa upana. Kifike sm 15 bila kulazimishwa. Kiachie. Kikirudi sm 10 kamili, kizuri. Kikibaki sm 10 na nusu, kitalegea usiku wa kwanza wa kazi. Rudia kwa urefu. Kuna laikra za kuvutika upande mmoja tu, na hizo hazifai hapa, kwa sababu kava inakazwa kwenda juu na kwenda pembeni kwa wakati mmoja.

La pili ni la mwanga. Washa tochi ya simu, ishike sm 30 nyuma ya kitambaa huku umekivuta kidogo. Ukiona kitone cheupe cha balbu na kuzunguka kwake giza, kitambaa ni chepesi mno, na bomba la stendi litaonekana kama mfupa kwenye picha ya eksirei. Unataka mwanga usambae. Kitambaa chenye uzito wa gramu 180 hadi 220 kwa mita ya mraba ndicho kinachofanya hivyo, ila dukani hakuna atakayekupimia gramu, kwa hiyo tochi ndiyo mizani yako.

La tatu ni la moto. Omba kipande kidogo cha pembeni, toka nje, kishike kwa koleo na ukikaribishie kiberiti. Laikra ya kawaida haiwaki kama pamba, inayeyuka na kudondosha matone ya moto yanayoganda kwenye chochote yanapoangukia, ngozi ikiwemo. Jaribio hili si la kukukatisha tamaa, ni la kukufanya uheshimu umbali utakaotajwa baadaye. Kuna vitambaa vilivyotiwa dawa ya kuzuia moto na vinauzwa na maandishi yanayosema hivyo. Ukivipata, na ukumbi unavidai, lipa hiyo tofauti.

Rangi: anza na nyeupe. Nyeupe inapokea kila rangi ya LED. Nyeusi ni ya kuficha tu, haiwaki, lakini inavumilia vumbi jekundu la barabara za Machame na Kibosho kuliko kitu chochote. Rangi nyingine ni za sherehe moja: kamati ikibadilisha rangi, kava imebaki stoo.

Vya kununua kwa kava mbili

Laikra yenye upana wa sm 150, mita 7. Lastiki pana ya sm 4, mita 1 na nusu. Leza, ile ngozi ya kushonea viti, robo mita. Velkro, nusu mita. Kamba nyembamba ya kupitisha kwenye pindo, mita 1 na nusu, pamoja na vibana kamba viwili vya plastiki kama vile vya majaketi. Vibana hivi si lazima uvinunue vipya. Jaketi la mvua lililochakaa kutoka soko la mitumba la Memorial, Moshi, linatoa viwili au vitatu. Uzi wa polyester, si wa pamba. Na sindano za kitambaa cha kuvutika, namba 75/11 au 90/14, pakiti nzima. Usiache hili la mwisho kwa fundi. Nunua mwenyewe, mpelekee.

Kupima

Simamisha stendi sakafuni penye usawa, miguu ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Usithubutu kuibana miguu ili kava ionekane nyembamba: upana wa miguu ndio unaozuia stendi isianguke, na kitambaa ndicho kinachopaswa kuifuata stendi. Panua bomba hadi kimo utakachotumia kazini, kisha bandika tepu ya rangi kwenye bomba mahali hapo. Alama hii utaihitaji kila siku ya kazi.

Pima vitu vitatu. Kimo kutoka sakafuni hadi chini kidogo ya upau wa T. Umbali kutoka ncha ya mguu mmoja hadi ncha ya mguu wa pili. Na mzunguko wa bomba la juu pamoja na kisu chake cha kukazia, kwa sababu mdomo wa kava lazima upite hapo.

Tuseme kimo ni sm 220, mguu hadi mguu ni sm 95, na mdomo wa juu tunautaka sm 24 kuzunguka, yaani sm 8 kwa kila upande. Uso wa kava hausimami wima, unalala kidogo kufuata miguu, kwa hiyo urefu wake halisi ni sm 222 hivi, si 220.

Sasa punguza. Upana wa chini toa asilimia 12: 95 inakuwa 84. Urefu toa asilimia 5: 222 inakuwa 211. Mdomo wa juu usipunguze. Kisha ongeza nafasi za mshono: sm 1 kila ubavu, sm 4 juu kwa njia ya kamba, sm 3 chini kwa pindo. Kipande kimoja kinakuwa na chini sm 86, juu sm 10 na urefu sm 218.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hesabu hizi hazilionyeshi. Kava ikikazwa, pembe tatu zinashikwa na miguu lakini katikati ya ukingo wa chini hakuna anayeshika, kwa hiyo panainuka na kufanya upinde. Ukikata ukingo mnyoofu, upinde huo utafungua dirisha na taa ya ndani itachungulia wageni. Dawa yake ni kukata ukingo wa chini ukiwa na tumbo: katikati ushuke sm 4 chini ya pembe, ukipanda taratibu hadi sifuri pembeni. Kitambaa kikivutwa, tumbo linapanda na ukingo unanyooka. Urefu katikati sasa ni sm 222.

Kama kitambaa chako ni kigumu kuvuta, punguza asilimia 8 tu badala ya 12. Kikiwa laini sana, nenda 15. Ukizidi hapo, kitambaa kinazidi kuwa chembamba kadiri kinavyovutwa, mwanga unapenya kupita kiasi, na mishono inaanza kulia.

Kukata

Laikra hukaa imevutika kwenye roli. Ikate mara tu baada ya kuikunjua na vipande vyako vitajikunyata usiku huo hadi sm 2 au 3. Itandaze mezani au kwenye mkeka msafi, iache ipumzike angalau saa chache, ikiwezekana ilale hapo hadi asubuhi.

Chora kipande kwanza kwenye karatasi za kaki zilizounganishwa, au kwenye gazeti ukikosa. Kisha panga vipande viwili kichwa kwa miguu: kimoja upana chini, cha pili upana juu. Vikikaa hivyo vinachukua sm 134 za upana, na kitambaa cha sm 150 kinatosha. Kava mbili zinahitaji nyuso sita, yaani mistari mitatu ya sm 222, ndiyo ile mita 7, na ziada kidogo inabaki.

Ukikuta dukani upana ni sm 120, usikimbilie kununua mara mbili. Weka kipande kimoja kizima katikati, upana wake ukiwa chini, na kila ubavu wake weka nusu ya uso mwingine, upana wake ukiwa juu. Kila nusu uiongezee sm 1 ya mshono upande wa katikati. Vyote vinaenea kwenye sm 98. Hasara ni kwamba nyuso tatu kati ya sita zitakuwa na mshono wa katikati. Mbili zipeleke nyuma ya kava moja, ya tatu kwenye kava ya pili ielekee ukutani.

Zuia kitambaa kwa vitu vizito, si kwa pini. Makopo ya maharage yanatosha. Pini huacha matundu, na chini ya mwanga kila tundu ni nyota.

Kushona

Charahani ya mguu ile nyeusi ya kawaida inashona mshono mnyoofu tu. Mshono mnyoofu kwenye laikra hukatika siku ya kwanza: kitambaa kinavutika, uzi hauvutiki, pwaa. Tafuta fundi mwenye ovaloki ya nyuzi nne, au mwenye mashine ya zigizaga. Kwa zigizaga, upana wa milimita 1 hadi 1.5 na urefu wa hatua milimita 2.5 unafaa. Kama hakuna kabisa ila mshono mnyoofu, shona huku ukikivuta kitambaa kidogo mbele na nyuma ya sindano, na upitie mara mbili. Itadumu kiasi, si sana.

Sindano ya kawaida ina ncha kali inayotoboa nyuzi za laikra badala ya kuzipisha. Utaona mashine inaruka hatua, halafu baada ya wiki mistari ya matundu inajitokeza kando ya mshono. Fundi atasema uzi ni mbovu. Si uzi, badilisha sindano.

Mfuatano wa kazi ni huu:

1. Unga nyuso mbili kwa ubavu mmoja, kutoka juu kwenda chini. Vuta mshono kwa mikono miwili kwa nguvu ile stendi itakayotumia. Ukisikia uzi unakatika, fumua sasa, kabla hujaongeza uso wa tatu.
2. Unga uso wa tatu. Ubavu wa mwisho, ule utakaokuwa nyuma, ushone kuanzia juu hadi ubaki sm 35 wazi chini. Hapo ndipo mkono utakapopita kuwasha taa ya ndani na waya wa umeme kutokea. Funga uwazi huo kwa vipande vitatu vya velkro vya sm 5 kila kimoja, si utepe mzima. Velkro haivutiki, na utepe mrefu utakunja ubavu wote.
3. Pinda juu sm 4, acha tundu la kamba upande wa nyuma, pitisha kamba na kibana chake.
4. Pinda chini sm 3 kwa zigizaga, ukifuata tumbo bila kulivuta. Ukilivuta wakati wa kushona, pindo linakuwa na mawimbi kama maandazi, na mawimbi hayo hayaondoki.
5. Pembe za miguu, ambazo zina maelezo yake.

Pembe ndizo zinazobeba nguvu yote. Kava zinazorudi kwa fundi zikiwa zimechanika, karibu zote zimechanikia hapo. Kata vipande sita vya leza, kila kimoja pembetatu yenye pande za sm 12. Kiweke ndani ya pembe, mshono wa ubavu ukipita katikati yake, na ukishone kuzunguka kwa mistari miwili. Kisha kata lastiki sita za sm 16, kunja kila moja iwe kitanzi, na miisho yake iingie kati ya leza na laikra kwa kina cha sm 3. Hapo shona kwenda na kurudi mara nne, chora sanduku, chora msalaba ndani yake. Kitanzi hiki ndicho kitakachoshika kiatu cha mpira cha mguu wa stendi. Fundi akishona lastiki kwenye laikra peke yake bila leza, hesabu kwamba itang'oka ikiondoka na kipande cha kitambaa.

Kwa stendi ya kupandisha kwa mkono wa kuzungusha, kuna tundu moja zaidi. Usilipime mezani. Vika kava, ikaze, halafu weka alama ya chaki pale mkono unapotokeza. Shona duara la leza la sm 10 mahali hapo kwa ndani, ndipo ukate msalaba katikati. Ukikata kwanza na kushona baadaye, kitambaa kitakuwa kimeshavutika na tundu limehama.

Kuvika

Kava huvishwa kama gauni, kutoka juu, stendi ikiwa katika kimo chake cha chini kabisa na upau wa T ukiwa haujafungwa. Anayefunga taa kwanza na kuvika baadaye atahangaika, na hatimaye ataipasua kava.

Kabla ya yote, funika kila kisu cha kukazia na kila ncha ya bolti kwa kipande cha soksi kuukuu au tepu ya kitambaa. Laikra ikinaswa na ncha ya chuma wakati imevutwa, tundu la punje ya mtama linakuwa la shilingi kabla hujamaliza kupandisha.

Fungua miguu kabisa na kaza. Pitisha mdomo mpana wa kava juu ya bomba, shusha. Ingiza vitanzi viwili vya mbele kwenye miguu, kisha cha nyuma, ubavu wenye uwazi wa velkro ukielekea ukutani. Weka taa ya ndani na vilemeo vyako (mizigo ya kushikilia miguu) sasa hivi, wakati kitambaa bado kimelegea na kuna nafasi ya kufanya kazi. Vuta mdomo wa juu hadi kwenye bomba linalopanda, si lile la chini lisilosogea, na funga kamba hapo. Ndipo ufunge upau wa T, uning'inize taa za juu na waya wa usalama wa kila moja, na upandishe mkiwa watu wawili.

Bomba likipanda, linavuta mdomo na kava inakaza yenyewe. Simama kwenye ile alama ya tepu. Kupita alama kwa sm 10 ili "ikaze vizuri" kunaongeza mzigo kwenye vitanzi, na kitanzi kikiachia stendi inapokuwa juu, mguu hunyanyuka.

Ukiona mikunjo ya mshazari ikianzia pembe moja, kitanzi cha pembe hiyo kimezunguka mguu, kigeuze. Mikunjo ya kulala katikati ina maana urefu haujakazwa: ama hujafika kwenye alama, ama kamba ya juu imeteleza. Mikunjo ya wima karibu na mdomo haina tiba, mdomo ulikatwa mpana. Ikusanye upande wa nyuma na ufunge.

Taa ya ndani

LED tu. Taa za zamani za balbu za halojeni, zile za wati 500 au 1000, hazikai ndani ya kava wala kuegemeana nayo, kwa sababu joto la mbele yake linatosha kuyeyusha kitambaa. Vivyo hivyo taa za kuzunguka zenye balbu kali: hizo hukaa juu ya upau, nje ya kitambaa, na miale yake isilenge kava iliyo karibu.

Taa moja ya par (ile ya umbo la kopo) ya LED isiyo na feni inatosha kwa kimo cha sm 220. Isimamishe juu ya mguu wake wa chuma ili mgongo uwe wazi kwa hewa, ielekee juu, umbali wa angalau sm 20 kutoka kitambaa chochote. Ikiwekwa nyuma ya bomba, bomba litachora kivuli kirefu usoni pa kava. Iweke mbele ya bomba, upande wa wageni, na kivuli kitaenda ukutani. Taa mbili ndogo, moja kila upande, zinafuta kivuli kabisa, kama unazo. Baada ya nusu saa ya kuwaka, ingiza mkono kwa nyuma na uguse kitambaa kilicho karibu nayo. Kikiwa cha moto, isogeze au punguza mwanga.

Mashine ya moshi isielekeze mdomo wake kwenye kava. Mdomo ni wa moto, na majimaji yake huacha utando wa mafuta unaonasa vumbi. Mashine za cheche, mishumaa ya keki na jiko la nyama choma zikae mita kadhaa mbali. Umeyaona matone yale ya laikra.

Nje ya ukumbi

Kumbi za Njiro, Arusha, hazina shida ya upepo. Shida iko Desemba, watu wanaporudi nyumbani na harusi, kipaimara na komunio vinafanyika uani, Marangu, Rombo au Kibosho, turubai likiwa wazi pande zote na uwanja ukiwa na mteremko.

Kwa mteremko, stendi nyingi hazina mguu wa kurekebisha, kwa hiyo beba vipande vya mbao vya unene tofauti. Weka chini ya miguu ya upande wa bondeni, kisha ning'iniza uzi wenye nati kutoka juu ya bomba. Ndiyo timazi yako. Stendi iliyoinama haionekani sana ikiwa uchi, lakini kava nyeupe inayowaka inautangaza upogo hadi barabarani.

Kwa upepo, hesabu kidogo inasaidia. Uso mmoja wa kava yetu una eneo la mita ya mraba 1.1 hivi. Upepo wa kilomita 36 kwa saa unausukuma kwa nguvu ya karibu kilo 7. Inaonekana ndogo, lakini inasukuma mahali palipo juu ya miguu, na ukingo wa kupindukia uko sm 27 tu kutoka katikati ya stendi. Stendi yenye kilo 20 pamoja na taa zake iko ukingoni kabisa hapo, hata kabla ya kuhesabu upepo unaozipiga taa za juu. Kwa hiyo weka kilo 10 kwenye kila mguu: kiroba cha unga kilichojazwa lita 6 hivi za mchanga mkavu na kufungwa vizuri, au dumu la lita 10 la maji. Uzuri wa kava ni kwamba viroba vinakaa ndani na hakuna anayeviona.

Huhitaji kipimo cha upepo. Vumbi na karatasi zikianza kuinuka na vitawi vikicheza, umeshafika kilomita 20 hadi 28 kwa saa. Shusha stendi nusu. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba, vua kava. Kuivua ni dakika mbili: shusha bomba, legeza kamba, toa vitanzi, na kama upau wa T umefungwa, iache kava ishuke na kukusanyika miguuni, uifunge kwa lastiki. Utaitoa kabisa upepo ukitulia.

Kufua na kutunza

Tope jekundu liache likauke, likung'ute kwa brashi, ndipo ufue. Ukilisugua likiwa bichi, unalisukuma ndani ya nyuzi na kava nyeupe inageuka ya rangi ya chai. Maji ya baridi au vuguvugu, sabuni ya kawaida. Utando wa mashine ya moshi unatoka kwa sabuni ya vyombo. Usitie dawa ya kung'arisha yenye klorini, hata matone: klorini inaua uzi wa kuvutika, na kava inatoka nyeupe kama theluji ya Kibo lakini imelegea moja kwa moja.

Usiianike kwa kuining'iniza kwa mdomo, maana uzito wa maji utaurefusha. Itandaze juu ya kamba mbili, kivulini. Pasi haihitajiki, mkazo wa stendi unanyoosha mikunjo yote. Ukilazimika, pasi ya moto wa chini kabisa na kitambaa cha pamba juu yake. Ikunje kwa kuviringisha, kila kava kwenye mfuko wake, ikiwa kavu kabisa. Ile iliyotoka kwenye umande wa usiku wa Kibosho na kuachwa ndani ya kirikuu hadi Jumatatu itaota madoa meusi ya ukungu, na hayo hayatoki.

Tundu dogo likitokea, usilishone kwa kulivuta pamoja. Weka kiraka cha laikra ile ile kwa ndani, kikubwa kuliko tundu kwa sm 1 kila upande, na ukizungushie zigizaga kava ikiwa imelegea. Ndiyo sababu ya kuhifadhi vipande vilivyobaki kwenye ukataji, pamoja na karatasi ya vipimo: stendi mpya ikinunuliwa, fundi anaanzia hapo.